Laini Ipi? Neno Moja la Kiingereza na Kazi Zake Kibera na Kawangware

Mwezi wa Aprili mwaka 2022 watu wengi wa Nairobi waliamka mapema, wakachukua vitambulisho vyao, wakaenda kusimama mmoja nyuma ya mwingine mbele ya maduka ya simu. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza kwamba kila mwenye simu ambaye hakuandikishwa sawasawa ajiandikishe kabla ya tarehe 15 ya mwezi huo, la sivyo angekatiwa huduma. Amri hiyo iliwahusu wakazi wa Kibera na Kawangware kama ilivyowahusu watu wa mahali pengine. Mtu aliyeulizwa anafanya nini pale angeweza kujibu kwa maneno machache: "Nimepanga laini kwa sababu ya laini."

Mkazi wa Nairobi angemwelewa mara moja. Lakini mgeni aliyejifunza Kiswahili katika vitabu peke yake angestaajabu, kwa maana kwake yeye laini ni kitu kisicho kigumu, kama pamba au ngozi ya mtoto mchanga. Je, mtu hupangaje ulaini? Na kwa nini ausimamie tangu alfajiri?

Ukweli ni kwamba hapa pana maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu, kama watu wawili wenye jina moja wasio ndugu. Laini ya kwanza ni neno la zamani lenye asili ya Kiarabu, nalo husifu kitu: kitambaa laini, udongo laini. Laini ya pili ni neno la Kiingereza "line", lililoingia kwetu kwa njia ya kambi za askari, reli, ofisi na simu. Msikilizaji hodari hawezi kuyachanganya, kwa sababu la kwanza hufuata jina la kitu bila kubadilika, na la pili lenyewe ni jina la kitu: laini hii imekatika, laini zile zimenyooka.

Kuijua tofauti hiyo hakutoshi. Neno la pili lina maana nyingi sana, na katika vitongoji hivi viwili vya Nairobi mtu anayeshika maana moja badala ya nyingine aweza kupoteza fedha zake, kura yake, au hata nyumba yake. Kwa hiyo inafaa tulifuate neno hili tangu asili yake.

Asili yake ni uzi

Neno la Kiingereza lilitoka kwa Kilatini, na huko maana yake ya kwanza ilikuwa uzi wa kitani. Anayetaka kuiona maana hiyo kwa macho asiende mbali. Na amtazame fundi wa ujenzi popote Kawangware anapoanza ukuta: hupiga kigingi huku na kigingi kule, akafunga uzi na kuuvuta mpaka unyooke, kisha mawe yote hupangwa kwa kuufuata. Uzi ule uliovutwa kati ya vigingi viwili ndio baba wa maana nyingine zote.

Waingereza wakaona kwamba kila kitu kilichonyooka au kilichofuatana kwaweza kuitwa kwa jina la uzi. Wakaiita hivyo safu ya maneno katika kitabu, kamba ya kuanikia nguo, mshipi wa mvuvi, safu ya askari vitani, njia ya reli, waya wa simu, mpaka wa nchi, na hata ukoo wa mtu kutoka babu hadi mjukuu. Kampuni za meli nazo zilichukua jina hilo, kwa sababu meli zao zilipita njia ile ile kila safari. Wazee wa Mombasa waliikumbuka Union-Castle Line, ambayo meli zake zilitia nanga pale bandarini.

Kiswahili hakikuwa maskini wa maneno. Tulikuwa na mstari, safu, mshipi, mpaka, ukoo na mlolongo. Hata hivyo watu wa mjini waliokota neno moja la wageni wakalitumia mahali pa mengi. Huenda sababu ni kwamba vitu vyenyewe vililetwa na wageni, na kitu kikifika na jina lake, ni rahisi kukipokea pamoja na jina hilo.

Laini ya shabaha

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo uko Kibera. Mji huo ulianza kwa askari wenye asili ya Sudani, ambao sasa huitwa Wanubi, waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1904 walianza kukalishwa mahali pale, palipokuwa na msitu, na jina lenyewe Kibra katika lugha yao ni msitu. Ardhi ilipopimwa ilionekana kuwa ekari 4,197, na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi.

Mahali penye jeshi hapakosi uwanja wa kupigia shabaha. Wazee wa Kibera husimulia kwamba mahali askari walipojifunza kulenga paliitwa Laini ya Shabaha. Miaka ikapita, askari wakaondoka, raia wakajenga, na ulimi wa watu ukalifupisha jina mpaka likawa Laini Saba. Wengine husema kwamba hesabu ya saba ilikuwapo tangu mwanzo, yaani ilikuwa ni laini ya saba ya uwanja ule. Kwa masimulizi yote mawili, jina limetoka kwa bunduki.

Leo Laini Saba ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, pamoja na Makina, Lindi, Silanga, Kianda, Gatwekera na vinginevyo. Kuna shule, makanisa, misikiti na maduka. Mtoto aliyezaliwa pale hutaja jina hilo kila siku bila kuwaza risasi. Kijana mgeni hutafuta Laini Sita na Laini Nane, asizione, akadhani anataniwa.

Laini ya reli

Laini inayojulikana zaidi Kibera ni ya reli. Njia ya reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani Kisumu mwaka 1901. Siku hizi njia iendayo magharibi hukatiza katikati ya Kibera. Watu huifanya njia ya miguu ya kwendea kazini, na wachuuzi hupanga bidhaa zao karibu nayo, wakiziondoa gari la moshi linapopiga honi.

Hapa neno letu linaonyesha hila yake. Kwa mpita njia, laini ya reli ni vyuma viwili tu. Lakini kwa Shirika la Reli, laini ni vyuma pamoja na ardhi iliyotengwa pande zote mbili. Mwaka 2004 shirika hilo liliwapa notisi waliojenga ndani ya mita 30 kutoka relini kwamba waondoke. Mtu aliyedhani kwamba anaishi kando ya laini akaambiwa kwamba anaishi ndani yake. Mlango wake haukuwa umesogea hata hatua moja. Kilichosogea ni maana ya neno.

Mazungumzo marefu yalifuata. Mwishowe ulitungwa mpango wa kuwahamisha watu kwa utaratibu, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wakazi walihesabiwa, na majengo mapya ya makao na ya biashara yakasimamishwa kando ya reli, pamoja na ukuta wa kuitenga njia. Funzo ni kwamba watu wakikaa pamoja na kukubaliana laini inaanzia wapi na kuishia wapi, nyumba hazivunjwi bila mwenyewe kujua aende wapi.

Laini hiyo hiyo inayotenganisha watu pia huwaunganisha. Mwezi wa Januari 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, reli iling'olewa pale Kibera. Mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Ndipo ilipodhihirika kwamba vyuma vile vinavyopita nyuma ya vibanda vya mabati vilikuwa vimeshika riziki ya watu wa nchi nyingine.

Laini ya mpaka

Kawangware haikuanza kwa jeshi. Zamani za ukoloni ilikuwa upande wa pili wa mpaka, katika ardhi iliyotengewa Wakikuyu wilayani Kiambu, na jiji la Nairobi liliishia kabla ya kuifikia. Mwaka 1963 mipaka ya jiji ilisogezwa nje, na eneo la Dagoretti, ambamo Kawangware imo, likaingizwa Nairobi. Mkulima akalala shambani, akaamka mjini.

Kwa sababu hiyo vitongoji hivi viwili, ingawa vinafanana kwa mabati na kwa wingi wa watu, havifanani kwa sheria ya ardhi. Sehemu kubwa ya Kawangware ina wenyewe wenye hati, na wengi wao wamejenga vyumba vya kupangisha. Kwao laini ni mpaka wa ploti, unaoonyeshwa kwa mawe ya mpimaji. Ugomvi wao mara nyingi ni wa jirani na jirani: nani amejenga hatua mbili ndani ya ploti ya mwenzake, nani ameng'oa jiwe la mpaka.

Kibera ni ardhi ya serikali tangu zamani, na wengi waliojenga pale wana nyumba wasiwe na hati ya ardhi iliyo chini yake. Wanubi waliomba haki yao kwa miaka mingi. Mwezi wa Juni 2017 walipewa hati ya pamoja ya ekari 288. Anayetaka kujua uzito wa laini iliyochorwa kwenye ramani na alinganishe ekari hizo 288 na zile 4,197 zilizotangazwa mwaka 1918.

Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Laini ya barabara hiyo ilikuwa kwenye karatasi kabla ya kufika ardhini. Watu zaidi ya 30,000 waliripotiwa kupoteza makao, na shule nazo zilibomolewa. Barabara ni kitu chema, na leo magari yanapita. Lakini aliyeiona laini ile mara ya kwanza siku ya kubomolewa aliiona kwa kuchelewa sana. Ramani za namna hiyo huwekwa katika ofisi za serikali, na raia ana ruhusa ya kuuliza. Afadhali kupoteza asubuhi moja ofisini kuliko kupoteza nyumba.

Laini ya kura

Kupanga laini ni jambo la kila siku. Mahali penye bomba la maji akina mama hupanga mitungi yao, na kila mtungi hushika zamu ya mwenyewe, hata akienda kuwasha jiko. Mtu akiusogeza mtungi wa mwenzake, ugomvi wake husikika mbali. Wengine huita foleni, neno ambalo husemwa kuwa ni mtoto wa amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari.

Kuna wakati ambapo taifa zima lilipangwa hivyo. Mwaka 1986 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee, kiliamua kwamba katika uchaguzi wa kuteua wagombea, wapiga kura wasimame nyuma ya mtu wanayemtaka au picha yake, wahesabiwe. Jambo hilo lilifanywa mwaka 1988, na Wakenya wakaliita mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa, bila kura ya siri. Mwajiri alimwona mfanyakazi wake amesimama wapi, na mwenye nyumba alimwona mpangaji wake. Yalisikika malalamiko mengi kwamba mahali pengine mwenye mlolongo mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Mwezi wa Desemba 1990 chama kiliuacha utaratibu huo, na uchaguzi wa Desemba 1992 ulifanywa kwa kura ya siri.

Siku hizi mpiga kura wa Kibera au Kawangware husimama katika laini vilevile, pengine kwa saa nyingi juani. Lakini laini hiyo haisemi lolote juu ya moyo wake. Humfikisha tu penye karatasi, na huko huwa peke yake. Neno ni lile lile, lakini laini ya mwaka 1988 ilimfichua mtu, na ya leo humpeleka mahali pa kusitirika.

Laini ya gari na maneno ya vijana

Kila gari la abiria lina laini yake, yaani njia iliyopangiwa. Atakaye kwenda Kawangware hupanda namba 46, na wa Kibera wengi huipanda namba 8. Mwezi wa Februari 2004, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipoanza kutekeleza sheria zake za matatu, kila gari lilitakiwa lipakwe mstari wa manjano ubavuni, na juu yake iandikwe njia linayopita. Hivyo laini ikaandikwa juu ya laini, na abiria akaweza kumshitaki dereva aliyewashusha watu nusu ya safari.

Vijana nao hawakuacha neno hili lipumzike. Kijana anayemsifu msichana kwa maneno matamu husemwa kwamba anamtupia mistari. Hapo neno la Kiingereza limekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili, lakini limekuja na mzigo wake, kwa kuwa huko Uingereza mwigizaji wa mchezo huita maneno yake kwa jina hilo. Msichana mwenye busara hupima kama mistari hiyo imetoka moyoni au imekaririwa.

Laini ya simu

Sasa turudi kwa wale tuliowaacha mbele ya maduka ya simu. Zamani laini ya simu ilikuwa waya wa kweli, uliotundikwa juu ya nguzo, na waliokuwa nao Kibera na Kawangware walikuwa wachache sana. Leo laini ni kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Haina waya, haina nguzo, lakini jina limebaki. Tangu Machi 2007, ilipoanzishwa M-Pesa, kadi hiyo imekuwa pia mkoba wa fedha. Mshahara wa mjakazi, kodi ya chumba, karo ya mtoto na posho ya mzazi aliyeko shamba hupita ndani yake. Ndiyo maana watu walikubali kusimama juani mwaka 2022. Tarehe ile ya Aprili baadaye iliahirishwa mpaka tarehe 15 Oktoba.

Wezi wamejua thamani yake. Mathalani, bibi mmoja mzee ametoka shamba kumtembelea mjukuu wake Laini Saba. Simu inalia, mjukuu anaipokea, kisha anasema kwa wasiwasi:

"Nyanya, huyu anasema laini yako itafungwa leo."

"Laini ipi, mjukuu wangu? Nguo zangu bado ziko juu yake."

"Si ya nguo, Nyanya. Ni ya simu. Anataka namba ya kitambulisho na namba yako ya siri."

"Kama ni mtu wa kampuni ya simu, si anazo tayari? Mwambie nitakwenda mwenyewe dukani, anionyeshe hiyo laini iliyofungwa."

Mwenye kupiga simu hukata mara moja. Bibi huyo hakujua maana ya neno, lakini swali lake limemwokoa. Kama angaliogopa kuonekana mjinga, akatoa namba zake, mwizi angaliweza kujipatia kadi nyingine yenye namba ile ile. Simu ya bibi ingalinyamaza, na fedha zake zingaliondoka bila mlango kuvunjwa. Kampuni ya kweli haimwombi mtu namba yake ya siri. Anayeiomba ni mwizi, hata akisema kwa adabu namna gani.

Hivyo ndivyo uzi wa kitani ulivyosafiri mpaka ukafika Kibera na Kawangware. Umekuwa uwanja wa shabaha, reli, mpaka, mlolongo, njia ya gari na kadi ya simu. Katika kila maana kuna uzi uliovutwa kati ya vigingi viwili, na kila uzi una aliyeuvuta. Kwa hiyo karani anayewaandikia watu barua, na mkulima anayetiwa kalamu mkononi ili atie sahihi, wakikutana na neno hili wasiharakishe. Na waulize kama yule bibi: laini ipi, nani ameichora, nami niko upande gani wake? Kuuliza si ujinga.